Kuchanganya Nyakati

Maneno yenyewe mama dobi aliyasikia akiwa na pasi mkononi, na tangu hapo hayakumtoka kichwani: mtoto wa muuza mkaa, yule msichana aliyekuwa akisifiwa mtaa mzima, ameanguka mtihani wa fasihi kwa sababu ya kuchanganya nyakati. Mteja aliyeleta habari alichukua mashuka yake, akaenda zake. Dobi akabaki na mvuke na lile neno.

Nyakati. Yeye aliishia shule ya msingi, lakini hilo halikumpiga chenga. Mtoto wa kike anayechanganya nyakati alimjua: anatoka mchana, anarudi taa zimewashwa, ukimuuliza alikuwa wapi, atakwambia kwa wenzake. Na binti yake mwenyewe, kitinda mimba, wa pekee aliyebaki naye baada ya kaka zake kuoa na kuhamia mbali, kila jioni alikuwa kwa wenzake. Walikaa kwenye ngazi za duka la fundi viatu wakisomeana insha.

Jioni hiyo hiyo mama akapiga marufuku. Shule, nyumbani, kitabu, basi. Binti akauliza amekosa nini. Akajibiwa kwamba hajakosa, na mama yake hatangoja akose.

Hakubisha. Alihamishia vitabu vyake kwenye kona ya kitanda, akageukia ukuta. Wenzake walipita dirishani wakamwita. Mama akawajibu yeye kwamba mtu anasoma. Wakapita tena. Kisha wakaacha kupita. Chumbani zikabaki sauti mbili, pasi juu ya nguo mbichi na kalamu juu ya karatasi. Mama akitupa neno, hurudishiwa ndiyo, hapana, sijui. Akawa anamkumbuka mtoto aliye mbele ya macho yake, kama anavyowakumbuka wale walio mbali.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yalipotoka, mwalimu wa fasihi akamwita shuleni. Insha ya binti ilikuwa wino mwekundu mtupu.

"Tatizo lake ni nyakati, mama," mwalimu akasema.

Dobi akashusha pumzi. Akamtoa wasiwasi: hilo ameshalidhibiti, siku hizi jua halizami binti hajaingia ndani.

Mwalimu akataka kucheka, akajizuia. "Nyakati za vitenzi, mama. Hizi hapa."

Akamwonyesha kwa kidole. Mstari wa kwanza mhusika anamkimbia mumewe, wa pili alirudi, wa tatu anajuta. Akamweleza taratibu kwamba yanayotendeka ndani ya kitabu huandikwa kwa -na-, kwa kuwa kila anayekifungua huyakuta yakitendeka. Ya nje ya kitabu, kama mwandishi alivyozaliwa na kusoma, ndiyo ya -li-. Kisha akauliza mbona binti aliacha kusoma na wenzake. Walikuwa wakisahihishana makosa haya haya, na sasa mtihani wenyewe uko mlangoni.

Mama alirudi kwa miguu, uso umemshuka. Binti alikuwa kwenye kona yake.

"Nenda kwa wenzako, mwanangu. Nilielewa vibaya."

"Waliniita, mama. Wakachoka."

"Sema wanakungoja. Mwalimu kasema ni -na-."

Binti akageuka kutoka ukutani, nusura atabasamu. "Hiyo ni kitabuni, mama. Huku nje ni -li-."

Hakwenda. Mama akazima pasi, akaketi ukingoni mwa kitanda, akaomba asomewe insha. Kila aliposikia -li- aliinua kidole, mara kwa haki, mara kwa kuonea tu. Haikuwa sawa na wale wenzake, na wote wawili walijua.

Basi mwenye mtoto anayesoma fasihi, yeye na mtoto wake, waepuke haya:

Kushika neno la mtaani kabla ya kumuuliza mwalimu maana yake.

Kumjibia mtoto dirishani.

Kuanza kisa na "anakimbia" na kukimaliza na "alikimbia".

Kuandika "mwandishi alionyesha" wakati kitabu kinaonyesha hadi leo.

Kutia -na- kwenye maisha ya mwandishi. Alizaliwa, hazaliwi kila tukisoma.

Kumtenga mtoto na wanaomsahihisha.

Mtoto kunyamaza anapokatazwa jambo asilolielewa.