Vioo vya Haverkamp

Jirani yangu Haverkamp alinishtaki kwa kamati ya nyumba za kihistoria kwa sababu ya turubai, na mama yangu akaipoteza nyumba yake.

Turubai lilikuwa juu ya dirisha la chumba chake, upande wa magharibi. Baba aliinunua nyumba ile mwaka 1974, wakati watu hapa Palm Springs walizicheka hizi nyumba za paa bapa na kuta za vioo. Sasa watu wanapanda ndege kuja kuzitazama, na huruhusiwi kutundika kitu kinachoonekana kutoka barabarani kama hakikuwepo mwaka 1959, zilipojengwa. Kamati ilinipa siku thelathini. Nililishusha Julai. Wiki ya pili, joto likiwa nyuzi arobaini na saba na kiyoyozi kinahema tu, nilimkuta mama sakafuni, midomo imekauka, ananiita kwa jina la baba. Alipotoka hospitali dada yangu alimchukua akaenda naye Spokane, kaskazini kwenye baridi. Ana miaka themanini na minne na theluji haijui.

Nilimfuata Haverkamp uani kwake.

"Ungenigongea mlango tu, jirani."

"Gil, sheria ni sheria. Nyumba moja ikiharibika, mtaa mzima umeharibika. Mama anaendeleaje?"

"Usimtaje mama yangu."

"Basi, basi. Usinipandishie sauti kwangu."

Mimi ni fundi vioo. Miaka sita kabla ya hapo ni mimi niliyeng'oa vioo vyake vyote kumi na vinne na kumwekea vya tabaka mbili, vinavyozuia joto. Tulifanya bila kibali, wikendi mbili, mapazia yamefungwa. "Hii ibaki kati yetu," aliniambia, nami nikakubali, maana kazi ilikuwa haba mwaka ule. Kwa hiyo nikifungua mdomo, yeye anaumbuka, na leseni yangu inafutwa. Nililijua hilo tangu Julai. Nikangoja Februari, mwezi wa ziara, watalii wanapotembezwa ndani ya nyumba hizi.

Nilikata tiketi kama mgeni. Basi lilitushusha watu ishirini na wawili mlangoni kwake, kila mmoja akapewa vifuniko vya plastiki vya kuvalia viatu.

"Jamani, natembea kama bata," alisema mama mmoja wa Ohio.

"Hata bila hivyo unatembea kama bata," mumewe akajibu.

Haverkamp alisimama karibu na meko, shati la rangi ya chungwa, glasi mkononi. Aliponiona tabasamu lilipungua, lakini hakunyamaza.

"Kila mnachokiona humu ni cha tangu nyumba ijengwe. Hata vioo. Ndiyo maana kamati imetupa bamba lile pale nje."

"Vioo pia?" niliuliza.

"Maswali mwisho, Gil."

"Mbona kwako hakuna joto kiangazi, Bwana Haverkamp? Kwangu vioo vya mwaka huohuo nusura vimuue mama."

Lorna Dietz, aliyekuwa akituongoza na ambaye ni mjumbe wa kamati, alipiga makofi mawili. "Tuelekee jikoni, wapendwa—"

Nilitoa kiberiti cha gesi nikampa yule mama wa Ohio. "Dada, washa karibu na kioo, uangalie ndani. Kioo cha tabaka moja kinaonyesha ndimi mbili za moto, mmoja wa uso wa mbele na mmoja wa uso wa nyuma. Hesabu."

"Hakuna kuwasha moto humu!" Haverkamp alifoka.

Lakini yule mama alishawasha. "Moja, mbili... tatu. Nne. Ziko nne!"

"Hesabu tena, hujavaa miwani."

"Harold, mpaka nne najua kuhesabu."

Wakasogea wote. Lorna naye akainama akatazama, akanyooka polepole.

"Muulizeni aliviweka nani!" Haverkamp alisema, uso umepauka kama saruji. "Muulizeni!"

"Mimi," nikasema. "Kwa mikono hii, bila kibali. Andika, Lorna. Gilberto Terrazas. Namba ya leseni nitakutajia."

"Umejimaliza, mjinga wewe."

"Pamoja na wewe, jirani."

Ilikuwa tamu. Sitadanganya. Nilitoka na vile vifuniko miguuni, nikavuka barabara hadi kwangu nikicheka.

Kamati ilimng'olea bamba na kumwamuru arudishe vioo vya tabaka moja. Mkewe, Noreen, ambaye hakunikosea kitu, ambaye alimpelekea mama supu hospitali, hakuweza kulivumilia joto la Juni. Alihamia San Diego. Haverkamp yumo peke yake, na nyumba inauzwa.

Nilimpigia mama simu nikamsimulia yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na Noreen je?" akauliza.

Tangu siku hiyo ni mimi tu ninayepiga simu; yeye hanipigii.

Leseni yangu ilifutwa baada ya miaka ishirini na sita. Gari la kazi nimeliuza. Nakata milango ya vioo vya bafu katika karakana ya mtu mwingine huko Indio, nalipwa kwa saa. Leseni moja, gari moja, majirani wawili. Mama bado yuko Spokane.