Kiganja cha Buluu

Kitu cha kwanza alichokiona binti msafishaji kilikuwa kiganja. Chura mwenyewe alikuwa mdogo kama ukucha wa kidole gumba, wa rangi ya jani kavu, hata ungempita usijue. Lakini aliponyanyua mkono, kiganja chake kwa ndani kilikuwa buluu, buluu ya kukufanya usahau ufagio.

Hakuna kitabu kilichokuwa na habari zake. Daktari wa wanyama, mama mwenye sauti ya kengele, aliwaeleza wote pale maabara kwamba chura huyu hana sauti. Kwao ni nyuma ya maporomoko ya maji, mahali ambapo hata ukipiga kelele hujisikii mwenyewe. Basi akimtaka mwenzake, humpungia mkono, akangoja.

Aliyempata ni baba yake binti, mlinzi wa kambi ya msituni. Tangu mkewe afariki alihamia huko, akamwacha binti kwa shangazi, na kuonekana kwake kukawa kwa nadra kama mvua ya kiangazi. Sasa alikuja na chura, na kwa kuwa chura hakukubali kula ila kutoka mkononi mwake, akaambiwa akae. Kila asubuhi baba na binti walikunywa chai baraza ya nyuma. Wote wawili si wasemaji. Chai ilifuka, wao wakanyamaza. Binti aliomba kimoyomoyo utafiti ule usiishe.

Kwa furaha hiyo akalisugua sanduku la kioo alimokaa chura kwa siki na gazeti mpaka likang'aa. Liling'aa kupita kiasi. Chura akamwona chura mwingine mle, akampungia. Yule naye akapunga. Kuja haji, kuondoka haondoki. Chura wa watu akaacha kula, akapunga kutwa, mifupa ikaanza kuonekana.

"Jamani, nani kampa huyu bwana kioo cha kujitazamia?" Daktari akashangaa.

"Binti Kimya huyo," fundi wa maabara akacheka. "Kamwozesha kivuli chake! Na mahari kala nani?"

Binti alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mwache mtoto wa watu," Daktari akasema. "Hata mimi sikuliwaza hilo. Ila chura kachoka, arudi kwao leo hii. Mzee, jiandae, gari linaondoka mchana."

Hapo moyo wa binti ukafanya paa. Chura akirudi, na baba anarudi.

Mchana baba alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, kiboksi cha majani mabichi mapajani, amekishika kama aliyepakata yai.

"Haya, mama," akasema dirishani. "Msalimie shangazi yako."

"Zitafika, Baba."

Ndivyo walivyoagana miaka yote. Dereva akawasha gari. Binti akaushika mlango.

"Dada, vidole hivyo!" dereva akapiga kelele.

Hakuuachia.

"Kila ukiondoka unaniachia salamu za shangazi," akasema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Zangu ziko wapi? Ninakukumbuka, Baba. Hata tukinywa chai, umekaa pale mbele yangu, ninakukumbuka. Nichukue twende wote."