Hodi ya Fundi Giza

Mjomba wangu ndiye aliyeendesha mashine ya sinema, na watu walimwita Fundi Giza kwa sababu ya mchezo wake mmoja. Filamu ya kutisha ikifika penye utamu, yeye huzima kila kitu, ukumbi ukawa giza totoro, kisha hugonga mlango wa chumba chake kule juu. Watu wazima na ndevu zao wanapiga mayowe kuliko watoto. Halafu mwanga unarudi, wanacheka, wanamtukana, na wiki inayofuata wamo tena kwenye foleni.

Mama, ambaye ni dada yake, ndiye aliyeuza tiketi mlangoni, na mchezo ule hakuupenda hata kidogo. Daktari alikuwa amemwambia mjomba kwamba moyo wake umechoka, asipande ngazi wala asinyanyue vitu vizito. Chumba cha mashine kilikuwa juu ya ngazi ya chuma nyuma ya ukumbi, na masanduku ya filamu yalikuwa mazito.

"Kaka, mzaha mzaha hutunga usaha," mama alimwambia mchana mmoja, kabla ya onyesho.

"Dada, nikikaa nyumbani nitakufa kwa uvivu." Akanifinya shavu, akapanda, akipumzika kila baada ya hatua chache. Nilimpenda mjomba kuliko mtu yeyote, na roho yangu haikutulia.

Filamu ilihusu mwanamke anayegonga milango ya watu. Kila anayemfungulia haonekani tena. Nilikaa safu ya nyuma, magoti kidevuni, kijasho chembamba kikinitoka. Mwanamke akafika nyumba ya mwisho, akainua mkono, picha ikakatika. Mkanda ulikuwa umefika mwisho, na hakuna aliyeweka mwingine.

Skrini ikabaki nyeupe. Kule juu mlango ukagongwa.

Ukumbi ukajaa mayowe, kisha vicheko. "Fundi Giza, leo utatuua," mtu akasema. Mimi sikucheka. Siku zote mjomba alizima mwanga kwanza. Hakuwahi kutuachia weupe ule. Na siku zote aligonga usawa wa kifua chake. Hodi hizi zilitoka chini kabisa, karibu na sakafu, moja moja, kila moja dhaifu kuliko iliyotangulia. Yule mwanamke wa kwenye filamu hakuwa amenitisha hivyo.

Nikamkimbilia mama mlangoni. "Mama, mjomba anagonga chini."

Hakuniuliza nina maana gani. Aliziacha tiketi mezani, akaipanda ile ngazi mbio, chuma kikilia. Watu wakageuka, wakamwona katika ule mwanga mweupe, wakadhani safari hii mchezo umeongezewa mtu. Wakaanza kumsihi kwa pamoja, huku mbavu hawana: "Usifungue! Usifungue!" Niliwaambia wanyamaze, nikalia. Baba mmoja akanipapasa kichwa. "Usiogope, mwanangu. Ni sinema tu."

Nilitamani kumng'ata mkono.

Hodi zilikuwa zimekoma. Mama akavuta mlango.

Mkono wa mjomba ulianguka nje kwanza, na ukumbi mzima ukapiga makofi. Mama akapiga magoti, akaushika, akaita, kaka, kaka. Hakuitika. Wao wakaendelea kupiga makofi.