Maksai Aliyeuzwa Siku Isiyo ya Soko

Tabby Wamuyu alikuwa akichemsha chai katika nyumba aliyopanga Majimbo, mjini Embu, ujumbe ulipoingia kutoka kwa Ann, mwenyekiti wa akina mama kanisani.

"Dada, kuna nambari ya tarakimu sita nimeituma kwako kwa makosa. Nirudishie haraka, tunaingia mkutano."

Kweli, nambari ilikuwa imefika. Chini yake paliandikwa kwamba asimpe mtu yeyote, lakini Tabby hakusoma mpaka huko. Ann ndiye aliyelala kwao wiki nzima walipomzika mama. Angemnyimaje nambari? Akaituma, akaepua chai.

Hakujua kwamba aliyeandika hakuwa Ann. WhatsApp ya Ann ilikuwa imeibwa asubuhi ileile, kwa njia ileile, kupitia jina la mtu ambaye yeye naye alimwamini. Zile tarakimu sita ndizo zilizofungua WhatsApp ya Tabby kwenye simu ya mtu asiyemjua. Kwenye simu yake mwenyewe WhatsApp ikamtoa nje na kukataa kumrudisha. Akadhani ni mtandao. Akaenda saluni kwake, akasuka wateja mpaka jioni.

Mwizi hakuwa na haraka. Alikaa ndani ya kikundi cha familia, akisoma. Shangazi mmoja akauliza, "Tabby, Mwaniki bado anakohoa?" Na Nyamu, kaka yake Tabby aliyeko kijijini Kiambere, akaandika, "Mwambie Mwaniki mjomba anamsalimia." Basi. Mwizi alikuwa amepata mtoto, ugonjwa na mjomba.

Nyamu alikuwa akirekebisha nira ya jembe alipopata ujumbe wenye picha na jina la dada yake.

"Kaka, Mwaniki amezidiwa. Tuko hospitali, anahitaji oksijeni na hawamgusi kabla sijalipa. Usinipigie, huku ndani simu zimekatazwa. Tuma kwa nambari ya huyu nesi."

Alipiga hata hivyo, kwa WhatsApp kama walivyozoea. Simu ikakatwa, na ujumbe mwingine ukaingia: "Kaka, unataka afe?"

Gladys, mkewe, aliusoma juu ya bega lake. "Tangu lini Tabby anakuandikia Kiswahili? Si nyinyi huandikiana Kimbeere?"

"Mtu akiwa na hofu anaandika inavyokuja, Mama Sheila."

"Subiri kidogo tumuulize shangazi."

"Nisubiri nini? Mtoto anakosa pumzi!"

Hakuwa na akiba. Alikuwa na maksai wawili wa kulimia, na mvua ilikuwa imekaribia. Siku hiyo haikuwa ya soko, kwa hiyo dalali alijua mwenye shida alipomwona, akataja bei ya kumtania. Nyamu hakubishana. Alimkabidhi kamba ya yule mwekundu na kutuma pesa zote kwa nesi.

Kesho yake alikwenda Embu na kuku na unga wa mtama kwa ajili ya uji wa mgonjwa. Katika hospitali kubwa ya mji hawakumjua Mwaniki. Alizunguka wodi baada ya wodi, akitaja jina. Mwishowe muuguzi mmoja alimwambia kwa upole kwamba kama mtoto alizidiwa sana, labda aulize upande wa nyuma. Nyamu aliuliza upande wa nyuma. Alisimama mbele ya mlango wa mochari, kuku akiwa kwapani, mpaka mhudumu akarudi na kumwambia hakuna mtoto wa jina hilo.

Alipofika Majimbo, Mwaniki alikuwa uani akikimbiza tairi.

Tabby alitoka ndani akifuta mikono. "Nyamu! Kuna nini nyumbani? Mbona hukusema unakuja?"

Nyamu aliketi kwenye ngazi. Alimwita mtoto, akamshika kichwa, akamshika mikono, akamwachilia. "Nimetoka mochari," alisema. "Nimekuwa nikimtafuta huyu."

Alimpa dada yake simu. Tabby alisoma maneno yote yaliyoandikwa kwa jina lake, na alipofika kwenye "unataka afe" alimrudishia simu.

"Si mimi, Nyamu. Haki ya Mungu, si mimi."

"Sasa naona si wewe," alisema, lakini hakumtazama.

Walikwenda polisi pamoja. Afisa aliandika taarifa, akapiga nambari ya yule nesi, ikawa imezimwa. Alisema ataendelea kuijaribu. Tabby alipata tena WhatsApp yake baada ya siku kadhaa, akaandika katika kikundi cha familia yote yaliyotokea. Shangazi alijibu pole. Wengine waliusoma ujumbe huo tu.

Mvua ilinyesha Kiambere. Maksai mmoja havuti jembe peke yake, na majirani wenye jozi walikuwa mashambani kwao. Tabby alifunga saluni, akaenda na jembe la mkono. Alimkuta Gladys shambani, mgongo umeinama, amemaliza mistari michache tu wakati shamba la jirani limeshapandwa ndengu.

"Mama Sheila, nimekuja kusaidia."

"Karibu."

Walilima mpaka jua likawa kali. Kisha Gladys akaegemea mpini.

"Watu hapa wanasema wewe na huyo nesi mlikula zile pesa pamoja."

"Na wewe unasemaje?"

Gladys alibandua udongo kwenye jembe. "Nyamu anakuamini. Mimi najaribu, Tabby. Lakini kila nikiinama hapa, ninaona jina lako kwenye ile simu."

Udongo ulikuwa umeanza kukauka, na sehemu kubwa ya shamba ilikuwa bado. Gladys alishika jembe tena. Tabby akaingia mstari wa pili, mbali kidogo naye, akaendelea kulima.