Ngome Zisizo na Paa

Dorkas, jirani yetu, husimulia kwamba tulihama bila ugomvi kwa sababu ya picha. Anasema Bwana Chrispin alikuja na kopo la biskuti, akalifungua mbele ya watu, akatuonyesha jinsi Waingereza wenyewe walivyohamishwa: nyumba za mawe zimeezuliwa, hakuna mtu, hakuna hata kuku. Basi wazee, kwa maneno yake Dorkas, wakasema kama Wazungu wamehamishwa sisi ni nani, wakaenda kufunga mizigo.

Mimi nilikuwepo, na ndimi niliyekuwa natafsiri. Haikuwa hivyo, ingawa najua maneno hayo aliyapata wapi.

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne. Chrispin alikuwa bwana maendeleo, Mnyiramba wa Kiomboi, na Kinyaturu chetu hakukijua. Alitumwa kwetu Mungaa kusimamia watu wahamie kijiji kipya karibu na barabara. Baba yangu Gaspari alikuwa balozi wa nyumba kumi, kwa hiyo mgeni alikula kwetu. Bibi yangu Raheli, mama yake baba, alikuwa na tembe lake, nyumba ya paa bapa la udongo, nyuma ya letu, nami nililala kwake tangu nilipomaliza shule ya msingi. Kiswahili cha bibi kilikuwa cha salamu na cha mnadani tu. Ndiyo maana kila alipozungumza na Chrispin mimi nilikaa katikati.

Bibi alikuwa ameshakubali kuhama. Hilo watu wanalisahau. Alichokataa ni kuta kubomolewa. Paa hakuligombania, hata zamani mtu wa kwetu akihama hubomoa paa lake akabeba boriti zake, maana boriti nzuri haziokotwi. Lakini kuta huachwa. Babu alizikwa pembeni mwa zizi, kichwa upande wa ukuta. Kuta zikisimama, kila apitaye anajua hapa ni kwa fulani, na jembe linazunguka. Eneo letu sasa lilikuwa limepimwa liwe shamba la ujamaa, na trekta lilikuwa linatoka Ikungi. Trekta halijui kaburi.

Basi siku hiyo ya kopo, Chrispin alikuwa amemaliza kula ugali wa uwele na mlenda, ameegemea nguzo ya mlangoni. Dorkas alikuja kuomba chumvi, na chumvi alipoipata akaketi.

"Bwana Chrispin," akasema, "eti ulikaa Ulaya mwaka mzima. Mbona hujanenepa?"

"Chakula chao hakina mlenda, mama."

"Ee, sasa hapo umenena! Tuambie, kukoje?"

Akaenda kuleta kopo lake la picha. Alikuwa amesomea huko mambo ya maendeleo ya vijiji. Jumapili wenzake walipolala, yeye alipanda basi na kamera yake kwenda kutazama ngome na makanisa ya kale. Alisimulia hayo kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia mikutanoni. Alizishika picha kwa kingo, kama mtu anayeshika vifaranga.

"Hii ni ngome. Ina miaka mia saba."

Bibi aliisogeza kwenye mwanga. "Muulize, paa liko wapi?"

Nikauliza.

"Halipo, bibi. Mengine yalianguka yenyewe, mengine serikali ya wakati ule iliamuru yaezuliwe, baada ya vita vyao."

Dorkas akapiga makofi. "Umesikia! Serikali! Na wenyewe wako wapi? Mbona sioni mtu?"

Hapo ndipo Dorkas alipoinuka na chumvi yake. Tulimsikia akimwita Cecilia wa jirani kabla hajavuka hata ua wetu. Jibu hakulisubiri, na jibu lilikuwa hili:

"Watu walikuwepo tele, wageni wa kutembea. Nilingoja wapite wote. Picha ya ngome haipendezi mtu akiwa katikati."

Nilipomtafsiria bibi, alimtazama Chrispin, akairudia picha. "Aliwangoja watoke," akasema kwa Kinyaturu, si kwa kuuliza.

Picha iliyofuata ilikuwa ya ndani ya kanisa dogo. Mwanamume na mkewe wa mawe wamelala chali, wamekunja mikono kifuani, na miguuni pa mume kuna mbwa wa jiwe.

"Na mbwa naye alikufa siku hiyohiyo?" bibi akauliza.

Chrispin alicheka mpaka akajifuta macho. "Hapana, bibi. Ni pambo tu. Hao ndio waliokuwa wenye ngome. Wamezikwa chini yake hapo."

"Mpaka leo wapo?"

"Mpaka leo."

Bibi hakucheka. Akachukua picha nyingine. Ilikuwa ngome tena, majani yamekatwa mafupi, mnyororo umezungushwa, na kando, mbali, mzee mwenye kofia amekaa kwenye kibanda. Huyo Chrispin hakuweza kumngoja aondoke.

"Huyu ni nani?"

"Mlinzi. Serikali imemweka."

"Analinda nini? Sioni ng'ombe wala ghala."

"Analinda kuta."

Bibi aliniambia nimwombe arudie. Nikamwomba.

"Kuta, bibi. Kung'oa hata jiwe moja ni marufuku."

Bibi akaiweka picha ile chini ya paja lake, akaifunika kwa kanga. Chrispin aliona. Alifunga kopo bila kuidai.

Siku ya zamu yetu ya kuhama vijana walipanda darini mapema. Kwanza walimwaga udongo, vumbi likajaa ua wote, kisha wakashusha fito, kisha boriti moja moja. Bibi alizihesabu kwa macho zikipakiwa kwenye mkokoteni, akawagombeza walioiburuta moja. Sufuria, magunia na kuku walitangulia na baba. Mchana kuta zilikuwa wazi juu, na jua limeingia pembe ambamo sikuwahi kuona jua tangu nizaliwe.

Chrispin alikuja kukagua. Alisimama ghafla pale kwenye mlango wa zizi, akazunguka hatua chache kushoto, akarudi. Kisha akafungua mkoba, akatoa kamera. Alikuwa ametuambia zamani kwamba filamu zilizobaki ni chache na Singida mjini hazipatikani, anazitunza.

"Shikamoo, bibi," akasema.

"Marahaba."

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ndani ya zizi, mgongo kwenye ule ukuta wa upande wa babu.

"Mwambie bibi," Chrispin akaniambia, huku jicho likiwa kwenye kamera, "naomba asogee kidogo. Nataka kuta peke yake. Mwanga ni mzuri sasa hivi."

Nikamwambia bibi. Vijana waliokuwa na sululu walikuwa wamekaa kivulini, wakingoja kuambiwa waanze.

Bibi alifungua pindo la kanga, akaitoa ile picha ya mzee mwenye kofia. Ilikuwa imejikunja kidogo.

"Mwambie nitasogea," alisema. "Sina ubishi. Lakini amrudie huyu mzee amtazame. Mimi siombi mlinzi, mshahara wake ataupata wapi? Mwambie aziache kuta zisimame tu, trekta lizunguke. Babu yako naye alikuwa mwenye nyumba."

Nilitafsiri yote, polepole, nikarudia mara ya pili ili asiseme hakunielewa. Nikampelekea picha mkononi.

Aliipokea. Akaitazama, akautazama ukuta, akawatazama vijana wenye sululu. Mmoja wao akasimama, akauliza, "Tayari, bwana?"

Chrispin alimwashiria kwa mkono angoje. Kamera ilikuwa bado imening'inia shingoni, kifuniko kimefunguliwa, na bibi alikuwa bado hajasogea.