Kigoda Chini ya Mti wa Krismasi

Tangu asubuhi Syombua alikuwa jikoni, katika nyumba ya mama yao Makongeni, akipika pilau na kusukuma chapati, huku wifi yake Truphena akipamba meza sebuleni. Truphena, mke wa kaka yake Kilonzo, alikuwa ametoka Komarock na mifuko mizima ya urembo: kitambaa chekundu, mishumaa, tishu zilizokunjwa kama maua na mti wa Krismasi wa plastiki. Sawa, meza ipendeze. Syombua hakuwa na ugomvi na urembo.

Alipotoka na bakuli la kachumbari, alisimama mlangoni. Kila sahani ilikuwa na kadi yenye jina: Mwaitu, yaani mama yao, Kilonzo, Truphena, watoto, hata mchumba wa mdogo wao Ndete, msichana ambaye hajawahi kutia mguu humo ndani. Jina la Syombua halikuwepo. Na kile kigoda chake, alichochongewa na marehemu baba yao alipokuwa darasa la pili, kilikuwa kimebebeshwa mti wa plastiki pale pembeni.

"Truphena, mimi nakaa wapi?"

"Si wewe ndiye utakuwa unapakua, wifi? Sasa kiti ya nini? Utakula tu huko jikoni ukimaliza." Alisema hivyo akinyoosha uma mezani, bila ubaya wowote, na hapo ndipo damu ilipomchemka Syombua. Afadhali angetukanwa.

Alimtazama kaka yake. Kilonzo alikuwa amesikia kila neno, akajitia kusoma simu. Huyu Kilonzo aliyekulia kwenye meza ambapo baba yao hakugusa kijiko hata siku moja kabla Syombua hajaketi! Mama alikuwa akimwambia chakula kinapoa, naye anajibu, "Aliyepika hajakaa." Hii ilikuwa Krismasi yao ya kwanza bila mzee, na mwanawe alishasahau.

Syombua aliweka bakuli mezani. Akauinua ule mti pamoja na taa zake, akamkabidhi Kilonzo kifuani, simu ikamponyoka. Akakifuta kigoda kwa aproni, akakisogeza hadi ubavuni mwa mama yake aliyekuwa tayari mezani, akaketi. Kilikuwa kifupi mno, kidevu chake kikakaribia kugusa meza. Hakujali.

"Sasa nani atapakua?" Truphena akauliza.

Mama alikunjua tishu yake taratibu. "Aliyepika amekaa," akasema. "Kilonzo, weka huo mti chini, utuletee chakula."

Kilonzo akaenda. Wakasikia vifuniko vikianguka, kabati zikifunguliwa na kufungwa.

"Syombua," akaita kutoka jikoni, "mwiko uko wapi?"

"Tafuta," Syombua akajibu, akaivuta sahani ya Kilonzo, pamoja na kadi yake, akaiweka mbele yake mwenyewe.