Siku Kwaya ya Ekerenyo Ilipojisikia

Abner Nyamongo alikuwa ameongoza kwaya ya kanisa dogo la Ekerenyo kwa miaka kumi na miwili, na kufikia 1973 hakuwa na shaka kabisa juu ya jambo moja: kwaya ingekuwa nzuri ajabu kama si Makori. Makori alikuwa mwimba besi, mkulima wa chai, mpole kupita kiasi. Kila wimbo ulipoharibika, Abner alipiga meza, "Makori, tena!" na Makori akaomba msamaha.

Basi Ongeri, shemeji yake Abner aliyekuwa karani Nairobi, akaja likizoni na redio ya kaseti, ile inayonasa sauti. Wanakwaya hawakuwa wamewahi kuiona. Ongeri akabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, akawaambia waimbe kama kawaida. Nani angeweza? Mokeira, mmoja wa akina mama, alifunga kitambaa chake upya kana kwamba anapigwa picha. Abner naye akasogea hadi mbele ya mashine, isije ikamkosa.

Haikumkosa.

Ongeri aliporudisha kaseti nyuma na kuicheza, zilisikika sauti tamu za akina mama, besi iliyotulia, na juu ya zote kitu kama ndama aliyetenganishwa na mamaye.

"Huyo ni nani?" Abner akafoka. "Makori!"

"Mimi niko pale chini, Mwalimu," Makori akasema taratibu. "Sikiliza, nasikika."

Mokeira akainama kutafuta kitu ambacho hakikuwa kimeanguka.

"Betri zimeisha," Abner akasema.

Ongeri akatia betri mpya. Ndama akalia vizuri zaidi.

Nyumbani, Abner alimkuta mkewe Bochaberi akimenya ndizi. "Mama Nyanchera, niambie kweli. Naimba vibaya?"

"Ndiyo, Baba Nyanchera."

"Na ukanyamaza miaka yote hii!"

"Ulikuwa unafurahi sana," akasema, akachukua ndizi nyingine.

Siku ya tatu Abner alishuka hadi shamba la Makori, akaanza kuchuma chai kando yake bila kualikwa. Walifika mwisho wa mstari ndipo akasema, "Nimekuonea, ndugu yangu. Mtafute mwalimu mwingine."

"Mimi niliamini ni mimi," Makori akajibu. "Nimefanya mazoezi hapa kila asubuhi, mpaka ng'ombe wa jirani wakahamishwa." Akacheka, kisha akasema, "Lakini huendi popote. Masikio yako ni mazuri. Kosa ulilisikia kila mara. Mtu tu ndiye uliyemkosea."

Agosti, kwenye makambi ya Nyanchwa, mkutano mkubwa wa makanisa, Abner aliongoza kwa mikono, midomo ameibana kama mtoto anayekataa dawa. Ubeti wa tatu ukamlevya; mdomo ukaanza kufunguka wenyewe. Makori akamtolea macho kutoka safu ya nyuma. Mdomo ukafungwa. Kwaya ikaimba hata watu wa makanisa mengine wakasimama, na Abner, aliyekuwa akiisikia vizuri kwa mara ya kwanza, akashindwa kuzuia machozi.

Mchungaji alifurahi mno. "Sasa mwalimu mwenyewe atuimbie ubeti mmoja!"

Abner akageuka kumtazama Makori.

"Samahani, Mchungaji," Makori akasema. "Mwalimu wetu ana shida ya koo."

"Maskini! Ilianza lini?"

"Hatujui, Mchungaji. Sisi tumeigundua juzi tu."